Chakula cha Ghalani na Chakula cha Mtoto

Maneno haya yametungwa yapate kusomwa katika mabaraza ya vijiji vya Ulyankulu.

Maongezi yetu ya leo yahusu chakula. Huenda mtu akacheka moyoni akisema, "Je, tufundishwe kula, nasi twala tangu kuzaliwa?" Twamwomba asubiri kidogo. Jambo lenyewe ni kimo cha watoto wetu na akili zao, na maagizo ya Serikali yaliyowekwa kwa ajili yao, na sababu ya maagizo hayo kutofika chunguni pasipo msaada wenu.

Nchi hii ya Unyamwezi yajua thamani ya chakula tangu zamani. Wapagazi waliochukua pembe za ndovu kutoka Tabora hata pwani waliishi kwa nafaka iliyonunuliwa vijijini njiani, na kijiji chenye akiba kilipata nguo na shanga. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilitangaza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuwapatia watu wa Uingereza mafuta ya kula. Mpango ule ukashindwa, ukaachwa mwaka 1951. Baadaye tumbaku ikashika nafasi kubwa katika mashamba ya pande hizi. Ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi hapa Ulyankulu, wakafyeka misitu, wakalima, na wengi wao leo ni raia wenzetu. Basi katika habari hizi zote mazao yalihesabiwa kwa magunia na kwa fedha. Mtoto mdogo hakuhesabiwa.

Serikali ya Tanzania ilianza kumhesabu kwa sheria. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1983 kazi kubwa ilianzishwa mkoani Iringa katika vijiji 168, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya afya. Huko watoto walipimwa uzito kijijini kwao, kisha wazee wa kijiji wakaketi kuulizana: mtoto huyu amepungua kwa nini, nasi tufanyeje? Watoto wenye utapiamlo mkali wakapungua sana katika miaka michache. Mwaka 1992 ikatoka Sera ya Chakula na Lishe. Mwaka 2011 zikatoka kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia sahihi mikataba ya lishe, na mwaka 2022 mikataba hiyo ikatiwa sahihi upya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mikataba hiyo hushuka kutoka mkoa hata wilaya, kata na kijiji.

Je, kazi hiyo imeleta faida? Imeleta. Mwaka 2010, katika kila watoto 100 wa nchi hii walio chini ya miaka mitano, 42 walikuwa wamedumaa, maana yake wafupi kuliko inavyoupasa umri wao. Mwaka 2015 hata 2016 walikuwa 34. Mwaka 2022 walikuwa 30. Hatua hiyo si ndogo, lakini bado watoto watatu katika kila kumi hawajapata haki yao.

Sasa sikilizeni neno la kushangaza. Katika hesabu hiyo ya mwaka 2022, mikoa iliyozidi yote kwa watoto waliodumaa ilikuwa Iringa, wapata 57 katika 100, kisha Njombe na Rukwa, wapata 50 kila mmoja. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi! Na Iringa ndiko ilikofanyika ile kazi njema tuliyoitaja. Basi twajifunza mambo mawili. Kwanza, ghala likijaa, mtoto aweza kudumaa karibu na mlango wake. Pili, kazi ya lishe ni kama palizi: ukiiacha msimu mmoja, magugu hurudi.

Sababu zenyewe ni hizi. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Akipewa uji mwepesi wa mahindi matupu mara mbili kwa siku, tumbo hujaa maji, na mwili hukosa cha kujengea. Tena mama akishinda shambani, mtoto huachwa na dada yake mwenye miaka saba, ambaye hawezi kumpikia. Tena maji machafu huleta kuhara, na kuhara huondoa hata kile kidogo alichokula. Waganga watuambia kwamba siku zilizo kubwa ni 1,000, tangu mimba kutungwa hata mtoto atimize miaka miwili. Kimo kilichopotea katika siku hizo ni vigumu sana kukirudisha. Samaki mkunje angali mbichi.

Katika nchi ya tumbaku hatari hii ina sura yake. Fedha ya tumbaku huja kwa mkupuo wakati wa masoko, nayo hutumiwa upesi. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Miezi ya mvua, mama anapohitajiwa sana shambani na kwenye mabani ya kukaushia, ndiyo miezi ambayo akiba ya nyumba huwa imepungua. Hatuwaambii watu waache kulima tumbaku. Twasema kwamba kabla ya kugawa shamba la tumbaku, baba na mama wakubaliane kwanza juu ya shamba la chakula, na ndani yake kuwe na kunde, maharage na karanga pamoja na mahindi na mihogo.

Kadhalika lazima tuseme kweli juu ya kanuni ile ya unga. Virutubishi huongezwa hasa katika vinu vikubwa, na sisi wengi twasaga mahindi yetu wenyewe katika mashine ndogo ya kijiji. Kwa hiyo agizo hili jema latupita. Lakini njia zipo. Unga wa dona hubakiza kiini na ganda la mahindi, ambavyo sembe huvitupa. Karanga zilizopondwa zikitiwa katika uji wa mtoto huuongezea nguvu na mafuta. Viazi lishe, vile vyenye rangi ya machungwa ndani, hustawi kama viazi vyetu vya kawaida na vina vitamini A. Chumvi na inunuliwe ile yenye madini joto. Majani ya kunde, kisamvu, mlenda, uyoga wa msituni, papai na embe, vyote hivi ni mali yetu, wala havihitaji safari ya Dar es Salaam.

Sasa twageukia wajibu wa kila mtu.

Ninyi wenyeviti na watendaji: Serikali imeagiza kila kijiji kifanye Siku ya Afya na Lishe mara moja kila miezi mitatu. Siku hiyo watoto wapimwe, na majibu yasomwe barazani kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Tena halmashauri zimeagizwa kutenga, katika mapato yao wenyewe, shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni halali yenu kuuliza kwa adabu: fedha hiyo imetengwa? Imetolewa? Imefanya kazi gani katika kata yetu? Swali la namna hii si ukaidi. Mkataba uliotiwa sahihi huulizwa.

Ninyi waalimu: mtoto mwenye njaa husikia sauti ya mwalimu, lakini somo halimwingii. Wazazi wakikubaliana kuchanga mahindi na maharage kwa chakula cha mchana shuleni, wasaidieni kwa kuweka hesabu safi, maana mchango hufa pale hesabu inapofichwa.

Ninyi akina baba: desturi ya baba kupewa nyama na yai, naye mama mjamzito akabakiwa na mchuzi, haifai tena. Mama mjamzito aende kliniki mapema, ameze vidonge vya kuongeza damu, apunguziwe mizigo. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha apewe chakula kizito kidogo, cha namna mbalimbali, huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili au zaidi. Na kila Juni na Desemba apelekwe kupata matone ya vitamini A.

Basi twamaliza. Sheria zipo tangu mwaka 1973, sera ipo, mikataba ipo. Sehemu iliyobaki ni fupi kuliko zote, nayo ni kutoka mlango wa ghala hata kibakuli cha mtoto. Hakuna Waziri wala Mkuu wa Mkoa awezaye kuipita njia hiyo kwa niaba yetu. Twawaomba kila mmoja, atakaporudi nyumbani leo jioni, atazame kibakuli cha mdogo kuliko wote nyumbani mwake, aone kina nini.