Kifua kikuu: Pale kinga inapozidi au kupungua

Msikilizaji, tangu 2013 Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake wamekuwa wakifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu Temeke, jijini Dar es Salaam. Ili kuuelewa ugonjwa huu, jua kwanza kuwa madhara yake hayaletwi na bakteria peke yao. Bakteria wakiingia pafuni, seli za kinga huwameza, kisha hutoa saitokini, kemikali za kuitana. Seli nyingine hufika na kuwazingira. Wito ukififia, kama VVU vinapoangamiza seli za kinga ziitwazo CD4, bakteria huponyoka. Wito ukizidi, uvimbe hula pafu lenyewe na kuacha mashimo. Hata aliyepona huweza kubaki akihema kwa shida. Ndiyo maana kuchelewa kutibiwa ni hatari. Umekohoa wiki mbili, uwe Mbagala au Tandale? Nenda kituo cha afya ukapime makohozi. Dawa ni bure; ukianza, zimalize.