Daftari Moja, Macho Mengi: Kuunganisha Kompyuta za Kikundi Nyumbani

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Machakos)



Siku hizi tukizunguka Mwala, Kathiani, Yatta na Masinga tunaulizwa swali ambalo zamani halikuwapo. Kikundi kimepata kompyuta. Pengine mtoto wa mwanachama ameleta laptopu kuukuu kutoka Nairobi, pengine kikundi kimenunua moja kwa akiba yake, na katibu naye ana ya kwake. Sasa wanauliza: je, tunaweza kuziunganisha zifanye kazi pamoja? Jibu ni ndiyo, na si kazi ya kuogopesha. Lakini kabla ya kununua waya, tujiulize kwanza tunaziunganisha kwa sababu gani.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kikundi cha watu 25, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hizo ni shilingi 5,000 kila wiki, na kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 260,000. Hapo hatujahesabu mikopo, riba wala faini za wachelewaji. Hiyo ni karo ya watoto, ni tangi la maji, ni mbuzi wa maziwa. Na habari zote za pesa hizo ziko wapi? Mara nyingi ziko ndani ya kompyuta moja, au simu moja, mikononi mwa mtu mmoja. Huenda mtu huyo ni mwaminifu kabisa. Lakini mwaminifu naye huugua, huhamia kwa mwanawe Mombasa, huibiwa, hufa. Siku hiyo wanachama hubaki wakitazamana, kila mmoja na hesabu yake kichwani, na kikundi cha miaka kumi kinavunjika kwa mwezi mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: hata daftari lenye msomaji mmoja ni karibu sawa na kukosa daftari.

Hiyo ndiyo sababu ya kuunganisha kompyuta. Si fahari. Ni ili daftari moja lisomwe na macho mengi.

Mtandao si lazima uwe intaneti

Neno mtandao huwachanganya watu. Wakilisikia wanafikiria intaneti, bando na kulipa kila siku. Mtandao wa nyumbani ni kitu kingine. Ni kompyuta mbili au tatu zinazoongea zenyewe kwa zenyewe ndani ya nyumba moja. Hauhitaji bando hata la shilingi moja. Intaneti mnaweza kuiongeza baadaye, mkitaka.

Kinachohitajika ni kompyuta zenyewe, na kisanduku kidogo kiitwacho rauta. Rauta ni kama karani wa posta. Kila kompyuta inapojiunga, rauta huipa namba yake, kwa mfano 192.168.1.10, na nyingine 192.168.1.11. Barua ikitumwa kwa namba fulani, karani anajua aipeleke wapi. Msishangae mkiona namba hizo hizo kwa jirani. Zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, kama vile kila shule inavyokuwa na darasa la kwanza.

Waya au hewani?

Kuna njia mbili za kuunganisha kompyuta na rauta. Ya kwanza ni waya. Ndani yake mna nyuzi nane za shaba zilizosokotwa mbili mbili. Waya mmoja usizidi mita 100, na nyumba zetu hazifiki hapo. Waya ni wa kutegemewa, lakini upitisheni juu ukutani, maana panya hawachagui cha kutafuna.

Njia ya pili ni waifai, yaani mawimbi ya hewani. Hii ni rahisi kuweka, ila ina adui zake. Ukuta mnene wa mawe au matofali hupunguza nguvu ya mawimbi, na mabati huyarudisha nyuma kabisa. Kwa hiyo msiweke rauta nyuma ya kabati la chuma au karibu na tangi la maji. Iwekeni juu, katikati ya nyumba. Rauta nyingi za siku hizi zina masafa mawili: ya gigahazi 2.4 hufika mbali zaidi, ya gigahazi 5 ni ya kasi lakini huishia karibu. Kwa kazi ya daftari, ile ya 2.4 inatosha.

Jambo moja tunalikazia sana: msipitishe waya wa shaba nje kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mvua za Novemba zinakuja na radi, na waya huo utaileta radi mpaka mezani. Ngurumo zikianza, chomoeni kila kitu kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Na stima ikipotea? Laptopu ina betri yake, ndiyo maana kwa vijijini tunaipendelea kuliko kompyuta ya mezani. Rauta nayo hula umeme kidogo tu. Nyingi hutumia volti 12, nyingine 9, na kibandiko cha chini kitawaambia. Fundi wa sola anaweza kuiwasha kwa betri yenu. Lakini asikisie, asome kibandiko.

Nani aandike, nani asome

Sasa tumefika kwenye kiini. Chagueni kompyuta moja iwe ghala. Ndani yake tengenezeni folda moja ya kikundi: daftari la michango, daftari la mikopo, kumbukumbu za mikutano. Kisha mruhusu kompyuta nyingine ziifungue folda hiyo kupitia mtandao. Programu ya LibreOffice ni ya bure na inatosha kwa hesabu hizi.

Hapo mtaulizwa na kompyuta yenyewe: huyu aruhusiwe kusoma tu, au kusoma na kuandika? Swali hilo msimwachie fundi. Ni swali la mkutano. Sisi tunashauri mwekahazina aandike pesa, katibu aandike kumbukumbu, na wengine wote wasome. Kila mmoja awe na jina lake na neno lake la siri. Tena watu wawili wasiandike katika faili moja kwa wakati mmoja. Mmoja amalize, afunge, ndipo mwenzake afungue.

Rauta ikitoka dukani huja na neno la siri la kiwandani, na wengi wanalijua. Libadilisheni siku hiyo hiyo. Yaani maneno ni mawili: la kuingia waifai, na la kuingia ndani ya rauta yenyewe kubadilisha mipango. Yote mawili yabadilishwe, na muhakikishe waifai yenu inatumia kinga ya WPA2 au WPA3. Yaandikeni kwenye karatasi, mfunge ndani ya bahasha, na mwenyekiti aitunze.

Kumbukeni pia kwamba ndani ya folda hiyo mna namba za vitambulisho na za simu za wanachama. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data. Habari za mtu si za kuachwa wazi kwa kila mgeni anayepita. Kwa hiyo watoto wa nyumba wakitaka kucheza michezo au kuangalia filamu, wasitumie kompyuta ya ghala.

Mtaro wa jirani

Hapa Machakos tunaijua mitaro ya fanya juu. Wazee wetu, na hasa akina mama, waliichimba kwa mwethya, leo shamba hili, kesho lile. Nanyi mnajua: jirani wa juu akiuacha mtaro wake ubomoke, maji yanashuka kwako hata kama wako ni mzuri. Mtandao una tabia hiyo hiyo. Kompyuta moja ikiingiwa na virusi kutoka kwa flashi iliyookotwa, virusi vinaweza kupita hadi kwenye ghala. Kwa hiyo flashi ya mgeni isichomekwe ovyo.

Na mkinunua kompyuta kuukuu, ulizeni ina programu gani ya kuiendesha. Nyingi zinazouzwa zina Windows 10, na Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa programu hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta kama hiyo haifai kuingia intaneti bila kushughulikiwa. Fundi anaweza kuiwekea Linux, ambayo ni ya bure, au muitumie kwa mtandao wa ndani peke yake.

Mtandao si akiba

Watu wengine hufikiri kwamba daftari likionekana kwenye kompyuta tatu, basi kuna madaftari matatu. Hapana! Ni lile moja, linatazamwa kupitia madirisha matatu. Likifutwa kwenye ghala, limefutika kote. Kwa hiyo kila wiki, baada ya mkutano, nakilini folda nzima kwenye flashi mbili. Moja ibaki pale, ya pili ilale nyumba nyingine, kwa mwanachama mwingine. Na kila mwisho wa mwezi chapeni ukurasa wa hesabu, usomwe kwa sauti, viongozi watatu watie sahihi. Kuna mama ambao macho yao hayasomi tena, au hawakupata shule. Mtandao ambao hauwafikii hao haujakifikia kikundi.

Halafu lipo swali la nyumba. Ghala litakaa kwa nani? Hili lizungumzwe wazi, maana mwenye nyumba anaweza kuanza kuonekana kama mwenye kikundi. Andikeni katika kumbukumbu kwamba vifaa ni vya kikundi, mtaje ni vipi na vingapi, nani analipia stima yake, na kwamba wanachama wana ruhusa ya kufika siku fulani kutazama hesabu. Mwenye nyumba na mke au mume wake watie sahihi wote wawili.

Mwisho, ufanyeni mtihani mmoja kabla ya kuuamini mtandao wenu. Mwekahazina akae kando kabisa, asiseme neno. Kompyuta ya ghala izimwe. Je, wengine mnaweza kuchukua ile flashi ya pili, kuifungua kwenye kompyuta nyingine, na kumwambia kila mwanachama akiba yake ni shilingi ngapi? Mkiweza, mmefaulu. Msipoweza, mmenunua nyaya tu.

Ya kujadili katika kikundi chenu

1. Leo hii, mwekahazina wetu akiugua, nani mwingine anaweza kusoma hesabu zetu?

2. Ni nani tutakaowapa ruhusa ya kuandika, na kwa muda gani?

3. Nakala ya pili italala nyumba gani?

4. Mwanachama asiyejua kusoma atajuaje kilichoandikwa juu ya pesa zake?