Jenereta ya Zahanati: Tuhesabu Mzigo Kabla ya Kununua



Nimeombwa niseme machache kuhusu jenereta tunayoichangia zahanati yetu. Mimi ni fundi umeme, si msemaji, kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga jenereta kwenye zahanati moja ya huku kwetu. Nilisoma namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, nikaridhika. Siku umeme ulipokatika, muuguzi aliwasha pampu ya kisima wakati vifaa vingine vyote vinafanya kazi. Taa zikafifia, jenereta ikanguruma, pampu ikagoma kuzunguka, na mota ya friji la chanjo ikaungua. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Tulizihamishia kwenye maboksi ya baridi, tukazikimbiza kwa pikipiki usiku ule ule. Jenereta haikuwa mbovu. Mimi ndiye sikuhesabu.

Leo tuhesabu pamoja. Chukueni mfano wa zahanati ndogo: taa zote wati 100, hadubini na kompyuta 150, friji la chanjo 150, mashine ya kuchemshia vifaa 1,500, na pampu ya nguvu farasi moja kama wati 1,000. Jumla ni 2,900. Mtu atasema, "Tununue ya wati 5,000, itabaki na akiba." Ndugu zangu, akiba hiyo haipo, kwa sababu tatu.

Kwanza, namba kubwa ubavuni mara nyingi ni nguvu ya muda mfupi tu. Nguvu ya kufanya kazi mfululizo ni ndogo zaidi, tuseme 4,500. Hiyo ndiyo ya kuhesabia.

Pili, sisi tunaishi juu. Mgeni akitoka pwani akafika ukingo wa Kreta anahema, na injini nayo inahema kwa sababu hiyo hiyo: hewa ni nyepesi. Kwa wastani injini ya petroli hupoteza asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Karatu mjini ni kama mita 1,500, hivyo 4,500 zinabaki kama 3,700. Ukingoni, kwenye mita 2,300 hivi, zinabaki kama 3,300.

Tatu, mota ikianza kuzunguka hula mara tatu au zaidi ya kawaida yake. Pampu ya wati 1,000 inaweza kudai 3,000 kwa sekunde chache. Ikiwashwa juu ya vifaa vingine vyote, mzigo unafika 4,900. Hapo ndipo umeme unaposhuka na mota kuungua.

Dawa si lazima iwe jenereta kubwa zaidi, maana kubwa hunywa petroli hata ikiwa na kazi ndogo. Dawa ni zamu. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uipe mzigo. Anza na pampu, mashine ya kuchemshia ikiwa imezimwa: mzigo wa kuanzia ni 3,400, na Karatu inatosha. Tangi likijaa, zima pampu, ndipo uchemshe vifaa. Ukingoni hesabu hiyo hiyo haitoshi. Huko chomoa friji na kompyuta mpaka pampu ishike kasi. Utaratibu huu uandikwe kwenye karatasi na ubandikwe ukutani.

Sasa jambo la uhai. Wapo wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, wakachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Tusifanye hivyo kamwe. Umeme huo hutoka nje hadi kwenye transfoma, na transfoma hufanya kazi pande zote mbili: volti 230 zako zinakuwa maelfu. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo, akiamini laini imekufa, ni mtoto wa mtu. Tunahitaji swichi ya chenjiova, ifungwe na fundi mwenye leseni, ili jenereta na gridi visikutane hata siku moja.

Na moshi. Huku kwetu baridi inatushawishi kuingiza kila kitu ndani. Moshi wa jenereta una sumu isiyo na harufu, na huua watu usingizini. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha ya wodi, chini ya paa lililo wazi pembeni.

Ombi langu ni moja. Mnapojaza fomu ya ahadi iliyo katika kitabu hiki, msichangie mashine peke yake. Changieni pia chenjiova, waya wa unene unaofaa, ethi, banda, na siku moja ya kuwafundisha wauguzi. Hivyo havipigwi picha siku ya makabidhiano, lakini ndivyo vitakavyolinda chanjo za wajukuu zetu na uhai wa fundi aliye juu ya nguzo.