Mwenyeji Anasogea Wapi?



Mji wa Mwadui ulijengwa ndani ya uzio. Mkanada John Williamson alipovumbua almasi pale mwaka 1940, mji ulioota ulikuwa wa mwajiri: nyumba ilifuata cheo, na enzi za ukoloni cheo kilifuata rangi. Kazi ikiisha, unarudisha ufunguo. Mzawa hakuchagua pa kukaa, alipangiwa.

Geita mjini hakuna uzio. Mgodi mkubwa wa dhahabu ulipoanza kuzalisha mwaka 2000 walikuja wataalamu wa nchi za mbali, na nyuma yao Watanzania wengi zaidi, kutoka Mwanza, Mara, Kagera na Kigoma: mafundi, mama lishe, wenye karasha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.7 mkoani, ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Kibarua aliyezaliwa pale anatakiwa kodi ya miezi sita mkononi, hana, anahamia pembezoni. Mwenye shamba anafuatwa na dalali, anauza, anakwenda kutafuta ardhi mbele.

Julai 2025 serikali iliwakataza wasio raia uchimbaji mdogo na biashara nyingine ndogondogo. Naunga mkono hatua hiyo. Lakini kwa huyu kibarua, anayepandisha bei ya chumba mara nyingi ni raia mwenzake.

Na tuambiane ukweli, sisi Wasukuma. Geita ilikuwa nchi ya Wazinza. Baada ya vita kuu ya pili, Waingereza waliona Usukuma umejaa watu na ng'ombe, wakawahimiza wazee wetu wavuke kwenda huko. Walikuwa wageni, wakapokewa. Ila wakati ule pori lilikuwapo, aliyesogezwa alipata pa kufyeka.

Sasa tunasogea wapi? Ndugu zetu waliofika bonde la Ihefu na ng'ombe wao waliondolewa na serikali mwaka 2006, wengi wakaswagwa mpaka Lindi. Familia moja, kuhama mara mbili!

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji hati ya kimila. Halmashauri zetu, anzeni kupima vijiji vilivyo kando ya migodi sasa, mwaka huu, kabla ya dalali. Na wewe uliyekwisha kupokea kishika uchumba cha shamba lako, kabla ya kutia sahihi muulize mkeo na watoto: kesho tutalala wapi?