Kuagiza Kompyuta Mpakato ya Michezo: Mlaji Achague Nini, Aandikishe Nini



Mazungumzo ya leo yanahusu bidhaa ambayo baadhi yenu mnaweza kushangaa kuikuta katika mafunzo ya haki za mlaji: kompyuta mpakato ya michezo ya daraja la juu, inayoundwa kwa oda ya mteja. Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la vijana wachache. Sisi tunaona vinginevyo. Mashine hizi hununuliwa pia na wahariri wa video, wasanifu wa majengo na watengenezaji wa katuni, kwa kuwa kadi inayochora mchezo ndiyo hiyohiyo inayoharakisha kazi zao. Bei yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, na fedha hizo mara nyingi hutoka katika akiba ya miaka, mkopo wa ushirika au mchango wa familia.

Tuanze na lalamiko moja lililotufikia. Kijana mmoja, mhariri wa video za harusi na mpenzi wa michezo, aliagiza mashine yenye kadi ya michoro ya RTX 4080. Alikuwa ametazama majaribio ya mashine nyingine yenye kadi ya jina hilo, akaridhika na kasi yake. Mashine iliyomfikia ilikuwa nyembamba na ya kupendeza, lakini kasi yake ilikuwa chini mno ya ile aliyoitarajia. Tulipoichunguza tulikuta kadi ni halisi, jina ni la kweli na stakabadhi ni halali. Kasoro ilikuwa moja: kadi ilikuwa imewekewa kikomo cha wati 80, ilhali kadi ya jina hilo katika kompyuta mpakato inaweza kuruhusiwa hadi wati 150. Mlalamikaji alieleza kwamba aliahidiwa kwa mdomo kuwa kadi ingekuwa na nguvu kamili. Muuzaji alikana. Katika oda palikuwa na jina la kadi na bei, basi. Neno la mmoja likasimama dhidi ya neno la mwingine, nasi hatukuweza kumrudishia mlaji yule hata shilingi moja.

Jalada lile tulilifunga kwa masikitiko. Yote tutakayoyasema leo yanalenga kwamba jalada la namna ile lisifunguliwe tena.

Maana ya kuagiza

Neno "kuagiza" humfanya mnunuzi adhani kwamba kila kipande cha mashine kiko mikononi mwake. Sivyo. Wauzaji wengi wa mashine za oda hununua gamba lililokwisha kuundwa kiwandani, likiwa na ubao mama, feni na skrini. Kampuni ya Clevo ya Taiwan, kwa mfano, inajulikana kwa kutengeneza magamba ya aina hiyo, ambayo wauzaji wa nchi mbalimbali huyakamilisha na kuyauza kwa majina yao wenyewe. Kwa hiyo mashine mbili zenye majina tofauti na bei tofauti zaweza kuwa zimetoka katika gamba moja. Mwulizeni muuzaji jina la mfano wa gamba, kisha linganisheni bei.

Katika mashine nyingi za leo, prosesa na kadi ya michoro hulehemiwa kwenye ubao mama. Mfumo wa kupoza huundwa kwa vipimo vya gamba lile tu. Skrini hubadilishwa kwa taabu na gharama. Vinavyobadilishwa kwa urahisi ni kumbukumbu ya RAM, ikiwa haikulehemiwa, pamoja na diski ya SSD na kadi ya Wi-Fi. Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza: fedha zianze kwenda katika kisichobadilika. Mwenye bajeti ndogo achukue kadi bora na RAM ya wastani, kwa kuwa RAM ataiongeza mwakani, bali kadi hataibadilisha kamwe.

Muuzaji akiwaahidi kwamba kadi yake ya michoro itaweza kubadilishwa siku za usoni, mwulizeni maswali mawili. Kadi hiyo ya kubadilishia inauzwa leo? Ni nani aliyejifunga kwa maandishi kuendelea kuitengeneza? Nafasi ya kuchomeka peke yake haina faida ikiwa hakuna kitakachochomekwa.

Kadi ya michoro: jina halitoshi

Hapa ndipo walaji wengi hupotea. Jambo la kwanza ni kwamba kadi ya kompyuta mpakato si sawa na kadi ya kompyuta ya mezani, hata zikiitwa kwa jina moja. RTX 4090 ya mezani ina viini 16,384 na kumbukumbu ya gigabaiti 24. RTX 4090 ya kompyuta mpakato ina viini 9,728 na gigabaiti 16. Katika kizazi kilichofuata hali ni ileile: RTX 5090 ya mezani ina gigabaiti 32, ya kompyuta mpakato ina gigabaiti 24. Anayewaonyesha matokeo ya majaribio ya kadi ya mezani ili awauzie ya kompyuta mpakato anawapotosha, awe amekusudia au hakukusudia.

Jambo la pili ni wati. Mtengenezaji wa kompyuta hupewa upana wa kuchagua ni umeme kiasi gani kadi itumie. Kwa RTX 4060 ya kompyuta mpakato upana huo ni kuanzia wati 35 hadi 115. Mashine mbili zenye kadi hiyo zaweza kupishana kasi kama gari moja linalopanda mlima likiwa tupu na jingine la aina hiyohiyo likiwa na shehena. Wakati mwingine kadi ya daraja la chini iliyopewa umeme wa kutosha hukaribia, au hata kuishinda, kadi ya daraja la juu iliyobanwa. Kwa sababu hiyo msikubali oda inayotaja jina la kadi bila kutaja wati zake za juu kabisa.

Kiwango hicho mlaji anaweza kukihakiki mwenyewe. Katika programu ya NVIDIA ya kuratibu kadi, ukurasa wa taarifa za mfumo huonyesha kiwango cha juu cha umeme wa kadi. Zoezi hilo huchukua dakika mbili, na lifanyike mbele ya muuzaji kabla ya kumalizia malipo.

Prosesa na joto

Katika prosesa za Intel, herufi za mwisho wa jina zina maana kubwa. Prosesa yenye herufi HX imekusudiwa mashine nene zenye nguvu. Core i9-14900HX, kwa mfano, ina kiwango cha msingi cha wati 55, lakini kwa muda mfupi inaweza kuvuta hadi wati 157. Umeme wote huo hugeuka joto. Gamba jembamba lisiloweza kulitoa joto hilo huilazimisha prosesa kupunguza kasi, na mnunuzi hubaki amelipia nguvu asiyoitumia.

Walaji wa pwani na wilaya zenye joto wana sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Feni hupoza kwa kuvuta hewa ya chumbani. Chumba chenye nyuzijoto 32 huiongezea mashine takribani nyuzi 10 kuliko chumba chenye nyuzijoto 22. Majaribio mengi mnayoyatazama hufanyika katika vyumba vyenye ubaridi. Kwa mazingira yetu, chagueni gamba nene lenye matundu ya kutosha chini na pembeni.

Aidha, katika michezo mingi tofauti ya kasi kati ya prosesa ya daraja la juu kabisa na ile inayoifuata ni ndogo, hasa kwenye skrini yenye nukta nyingi. Tofauti ya bei iwekwe kwenye kadi yenye wati nyingi zaidi.

Skrini, kumbukumbu na hifadhi

Skrini iendane na kadi. Skrini ya nukta 2560 kwa 1600 ina nukta karibu maradufu ya ile ya 1920 kwa 1080, na kila nukta ni kazi ya kadi. Hezi 240 maana yake ni picha mpya kila baada ya milisekunde 4 na ushei. Kadi isiyoweza kuzalisha picha kwa kasi hiyo huifanya skrini kuwa pambo. Mhariri wa video aulize pia skrini inaonyesha asilimia ngapi ya rangi za sRGB, kwani anayefanya kazi ya rangi anahitaji karibu zote.

Katika RAM, ombeni vipande viwili vinavyolingana. Vipande viwili vya gigabaiti 16 hufanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, na kwa kawaida hukishinda kipande kimoja cha gigabaiti 32. Ulizeni pia kama RAM imelehemiwa. Ikiwa imelehemiwa, nunueni tangu mwanzo kiasi mtakachokihitaji kwa miaka yote ya mashine.

Katika SSD, maneno "M.2" hutaja umbo peke yake. Diski ya M.2 ya njia ya SATA haizidi sana megabaiti 550 kwa sekunde. Ya NVMe ya PCIe 4.0 yaweza kufika karibu 7,000. Kwa macho hufanana. Oda iandike njia, jina la mtengenezaji na namba ya mfano. Hapa tuwatendee haki wauzaji: diski ya terabaiti 1 kuonekana kama gigabaiti 931 katika Windows si wizi. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu kati ya kiwanda na programu.

Chaja na betri

Fanyeni hesabu ndogo. Kadi ya wati 150 na prosesa ya wati 55 ni wati 205, kabla ya skrini na feni. Chaja ya wati 180 haiwezi kuzilisha zote kwa pamoja. Chaja itajwe katika oda, na ibandikwe maelezo kwamba inapokea volti 100 hadi 240, kwa kuwa umeme wetu ni volti 230. Chaja mbadala isiyojulikana ilikotoka ni hatari ya moto. Msiipokee kwa sababu ya unafuu.

Betri kubwa za mashine hizi huishia karibu na watisaa 99. Sababu ni kanuni za usafiri wa anga: betri ya hadi watisaa 100 huruhusiwa ndani ya ndege bila kibali maalumu cha shirika. Ikiwa ndugu anawaletea mashine kutoka ng'ambo, aijue kanuni hiyo. Wala msitarajie kucheza kwa saa nyingi bila umeme: mashine inayovuta wati 100 humaliza betri hiyo kwa chini ya saa moja, na nyingi hupunguza kasi zikiondolewa kwenye chaja.

Karatasi ndiyo shahidi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa malipo ya awali, hakikisheni oda iliyotiwa saini inaonyesha:

1. Jina la mfano wa gamba, prosesa na kadi ya michoro, pamoja na wati za juu za kadi.
2. Idadi, ukubwa na kasi ya vipande vya RAM, na kama vinabadilishika.
3. Namba ya mfano ya SSD.
4. Nukta, hezi na rangi za skrini, na idadi ya nukta mbovu zinazompa mnunuzi haki ya kurudisha.
5. Wati za chaja.
6. Tarehe ya kukabidhiwa, na marejesho ya fedha endapo itapita.
7. Waranti: ni ya nani, ya muda gani, inaheshimiwa katika nchi gani, nani hulipia usafirishaji, na kama kuongeza RAM kunaibatilisha.

Siku ya kupokea, washeni mashine palepale. Sehemu ya utendaji katika programu ya Task Manager huonyesha prosesa, RAM na jina la SSD. Linganisheni na oda mstari kwa mstari, kisha daini risiti ya mashine ya kodi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Lakini ulinzi huo huhitaji ushahidi. Mkikuta tofauti, mwandikieni muuzaji mara moja, hifadhini ujumbe wote wa simu mliobadilishana, na msiifungue mashine wala kumpelekea fundi mwingine. Asipowasikiliza, njooni kwetu mkiwa na oda, risiti na picha za skrini.

Kijana tuliyemtaja mwanzoni bado anaitumia mashine yake, na bado anaulipa mkopo wake. Alituruhusu kueleza habari zake bila jina lake, kwa sharti moja: kwamba tuwaambie wengine waandikishe wati. Sharti hilo tumelitimiza.