Mipangilio ya Kutolea Faili na Hifadhi ya Kanda Kongwe



Nimetakiwa nieleze namna ya kuchagua mipangilio wakati wa kuhifadhi faili za sauti na video, na maadamu waliohudhuria ni mafundi mitambo na wakutubi wa redio, sitakawia katika tarifu: sampuli ni vipimo vya sauti katika sekunde moja, ambavyo kwa CD ni 44,100; biti ni undani wa kila kipimo; na kodeki ni kanuni ya kuvifungasha, iwe WAV isiyobana kitu, au FLAC ibanayo pasi na kupoteza, au MP3 itupayo kile inachokadiria kwamba sikio halitakidiriki.

Huko kutupa ndiko kunakonisumbua. Kanda ya taarabu huingizwa kwenye kompyuta kwa uangalifu mkubwa, fundi akasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti, akakirekebisha hata kanuni na fidla zikasikika bayana. Kisha, afikapo kwenye dirisha la kutolea faili, hukuta programu imekwisha kumchagulia MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, naye kwa haraka huikubali. Kwa kiwango hicho sauti nyembamba zilizo juu ya takriban hezi 16,000 aghalabu hukatwa, na ule mvumo wa kanda kongwe, usio na mpango wala marudio, humeza sehemu kubwa ya biti chache zilizopo, ikawa mtetemo wa nyuzi ndio unaopunjwa. Mhariri akiifungua faili hiyo, akaondoa kikohozi cha mtangazaji, akaihifadhi tena kwa MP3, huwa amepunguza kilichokwisha kupunguzwa. Na akiitoa kwa kilobiti 320 akidhani anaiponya, hupata faili nzito zaidi yenye upungufu ule ule.

Jawabu nipewalo kila mwaka ni uhaba wa nafasi. Silidharau: saa moja ya stereo, kwa sampuli 48,000 na biti 24, huzidi kidogo gigabaiti moja, ilhali kwa MP3 ya kilobiti 128 haifiki megabaiti 60. Lakini, kwa heshima zote kwa wakuu wanaoidhinisha bajeti, diski hununuliwa tena, na kanda iliyoota ukungu hainunuliki.

Kwa hiyo napendekeza nakala asili iwe WAV au FLAC, biti 24, sampuli zisipungue 48,000, na ikiwezekana zifike 96,000; kuhusu biti na sampuli, hivyo ndivyo inavyoshauri jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA. Napendekeza MP3 itolewe mwisho kabisa, kwa ajili ya kurushwa hewani au kutumwa kwa simu, wala isihaririwe kamwe. Video nazo zibaki na fremu 25 kwa sekunde ikiwa ndivyo zilivyopigwa, na kodeki ya H.264 iwe ya kusambazia tu. Mipangilio ya awali ibadilishwe katika kompyuta za studio zote, asiachiwe fundi wa zamu kukumbuka. Narudia, kwa kuwa hili limekwisha kusemwa na halikutekelezwa: nakala asili isiwe MP3. Mwisho, kabla kanda haijarudishwa ghalani, mtu wa pili aisikilize faili yote, kisha aandike katika daftari aina ya kodeki, sampuli na biti, na kutia sahihi yake.