Mkono Unaokata Neno: Upigaji wa Mwangwi Jukwaani na Mizani ya Kiswahili



Mada ya mhadhara huu huenda ikaonekana ngeni katika ukumbi uliozoea mijadala ya ngeli, tenzi na lahaja. Ninakusudia kumzungumzia mtu anayesimama jukwaani nyuma ya kisanduku chenye vifundo na vitufe. Haimbi, hapigi gitaa wala ngoma, bali huikamata sauti ya mwenzake inapopita, akairudisha, akaikatakata, akaipa mapigo ambayo haikuwa nayo. Kisanduku hicho wenyewe hukiita kontrola ya MIDI. Swali langu ni la kifasihi: je, mtu huyu ni fanani, au ni fundi mitambo? Nitadai kwamba ni fanani, na kwamba ushahidi wa dai hilo tutaupata katika Kiswahili chenyewe, hasa katika mizani, shadda na takriri, kuliko katika mitambo.

Swali hili si la kujifurahisha. Katika chuo kimoja nilikoalikwa kutahini sanaa za maonyesho, mwanafunzi alijaza fomu ya mtihani wa vitendo, na mahali palipoandikwa "Ala" akaandika "Mwangwi". Jopo lilibishana kwa muda mrefu. Hatimaye alama zote za umilisi wa ala zilifutwa kwa hoja kwamba mtahiniwa hakuwa na ala. Mwenzake aliyepiga marimba kwa kubahatisha alipata alama za kupita. Nilikuwa upande wa wachache, na hoja ninazotoa leo ni zile ambazo kikao kile hakikuwa na muda wa kuzisikiliza.

Tuanze na chombo chenyewe. Mfumo wa MIDI ulionyeshwa hadharani Januari 1983 nchini Marekani, pale kinanda cha kampuni ya Sequential Circuits kilipounganishwa kwa waya na kinanda cha kampuni ya Roland ya Japani, vikaweza kupigana. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliokuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika waya ule hapakupita sauti, zilipita tarakimu. Mpigaji anapozungusha kifundo, kinachotoka ni ujumbe wa baiti tatu. Baiti ya kwanza hutaja aina ya ujumbe na njia yake kati ya njia 16, ya pili hutaja namba ya kifundo, na ya tatu hutaja kipimo chake kuanzia 0 hadi 127. Kwa mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe huo hupita kwa muda usiofika milisekunde moja. Toleo la pili la mfumo, lililotangazwa mwaka 2020, limeongeza sana idadi ya ngazi, lakini kanuni ni ileile: kontrola hutoa maagizo, na kompyuta ndiyo inayotoa sauti.

Hapo ndipo mpinzani hunikamata. Ikiwa kisanduku hakina sauti, asema, kina tofauti gani na rimoti ya runinga? Hoja ina uzito, lakini inathibitisha mno. Kinanda cha mabomba cha kanisani nacho hakina kitu kinacholia chini ya kidole. Kidole hufungua njia, upepo ukapita, bomba likalia mbali na mpigaji. Hakuna aliyewahi kumnyima mpiga kinanda huyo alama zake. Nionavyo mimi, kinachoitofautisha ala na rimoti ni kama wakati na kiasi cha mwendo wa mkono vinasikika. Anayebadili stesheni kwa rimoti akichelewa nusu sekunde, hapaharibiki kitu. Mpigaji wa mwangwi akichelewa milisekunde 200, neno limempita.

Kuna wanaolaumu ucheleweshaji wa kompyuta yenyewe. Ni kweli upo, lakini tuupime. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ucheleweshaji wa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka ilipo ngoma. Wacheza ngoma wetu wamesimama mbali zaidi ya hapo tangu zamani, na mguu haukukosea.

Kiswahili, kwa bahati, hakisiti hapa kama lilivyosita jopo. Ala kwa Kiswahili hupigwa. Tunapiga zeze, kinanda na tarumbeta. Tunapiga makofi, vigelegele na mbinja, ambavyo havina chombo chochote nje ya mwili. Siku hizi husikika "kucheza gitaa", tafsiri ya neno kwa neno ambayo sina haja ya kuitetea. Kitenzi kupiga huangalia tendo la kutoa sauti kwa wakati wake, wala hakiulizi kitu kinacholia kiko wapi. Kwa hiyo nasema "kupiga mwangwi" bila kuomba radhi.

Nomino zinatusumbua zaidi. Mageuzi haya ya sauti mara nyingi huitwa "athari", lakini katika matumizi yetu ya kila siku athari ni kitu kinachobaki baada ya jambo, aghalabu jambo baya: athari za ukame, athari za kelele masikioni. Wengine hupendekeza "madoido" au "vikorombwezo". Ni maneno matamu, ila yanatangulia kutoa hukumu: doido ni pambo, na pambo huweza kuondolewa vazi likabaki. Katika sanaa ninayoizungumzia, ukiondoa hicho kinachoitwa pambo, hakuna kilichopigwa. Napendekeza neno la kawaida tu, "mgeuzo", wingi "migeuzo", kutokana na kitenzi geuza. Chini yake kila mgeuzo una jina ambalo mzungumzaji analijua tayari: mwangwi kwa sauti inayorudi, lango kwa kufungua na kufunga sauti kwa mapigo, na kigugumizi kwa kipande kidogo kinachorudiwa haraka mahali pamoja. Hili la mwisho halihitaji kamati ya istilahi.

Sasa nije kwenye mizani. Mwangwi wa bonde hurudi kwa umbali wa mlima. Mwangwi wa jukwaani hurudi kwa hesabu. Dakika moja ina milisekunde 60,000. Muziki ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500. Mwangwi ukiwekwa 500, hurudi juu ya pigo linalofuata. Ukiwekwa 250, huanguka katikati. Ukiwekwa 375, yaani robo tatu ya pigo, hurudi mahali ambapo sikio halikutazamia, ukatangatanga, na rudio la nne ndilo linalokutana tena na pigo, baada ya mapigo matatu kamili. Saa ya MIDI inayoviongoza vyombo pamoja hugawa kila pigo katika sehemu 24. Namba 24 hugawanyika kwa mbili, tatu, nne, sita, nane na kumi na mbili, na kwa hiyo hesabu ya tatu na hesabu ya nne hukaa pamoja ndani ya pigo moja bila kukwaruzana. Anayezijua ngoma zetu zinazolivuta sikio kati ya mbili na tatu ataona kwamba chombo hiki, ingawa hakikutengenezwa kwa ajili yake, hakimfungii mlango.

Mwanafunzi wa ushairi ataitambua mantiki hii upesi. Katika shairi la mizani 16 kwa mshororo, kina cha kati huja katika mizani ya 8 na kina cha mwisho katika ya 16. Kina ni nini, kama si sauti inayorudi mahali palipohesabiwa? Mwangwi uliopimwa hufanya kazi ya kina. Usiopimwa ni guni. Sidai kwamba ushairi wa mwambao ndio uliozaa teknolojia hii. Madai ya namna hiyo ni dhaifu na hayatusaidii. Nadai tu kwamba sikio lililofunzwa na shairi lina vigezo tayari vya kuusahihisha mwangwi, na kwamba jopo la watahini lingeweza kuvitumia.

Hata hivyo, kupimwa kwa mwangwi ni kazi ambayo kompyuta huifanya yenyewe. Kazi ya mkono iko kwingine, na hapa ningependa tukawie.

Mpigaji hodari hauachi mwangwi wazi muda wote, kwa sababu maneno yangelundikana yasisikike. Huufunga, kisha huufungua kwa kitambo kidogo, kipande kimoja cha usemi kikaingia, akaufunga tena. Kipande hicho ndicho kinachorudi. Mbinu hii ni ya zamani kuliko MIDI. Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby, fundi wa redio na vikuza sauti wa Kingston, Jamaika, aliyeuawa mwaka 1989, aliifanya katika miaka ya 1970 kwa meza ya kuchanganyia sauti, akiacha vipande vya sauti ya mwimbaji vielee juu ya besi na ngoma. Meza ile ilikuwa ala yake. Kilichobadilika ni kwamba leo kila kifundo kinaweza kupewa kazi yoyote, na kifurushi chote kikabebwa mkobani.

Lugha anayoikata mpigaji ina umbo lake, nalo humpangia mkono wake. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mpigaji akifungua mlango akiwa amechelewa, hupata silabi ya mwisho peke yake, isiyo na shadda wala maana: ni, ni, ni. Ili kipande kirudi na mapigo, lazima mkono ufike kabla ya silabi yenye shadda. Basi mara nyingi kinachokamatwa ni silabi mbili za mwisho, na silabi mbili za mwisho katika Kiswahili mara kwa mara ni neno jingine kabisa. Msemaji akisema "furaha", mwangwi hujibu: raha, raha, raha. Hapo hakuna ugomvi. Akisema "kijana", mwangwi hujibu: jana, jana, jana, na ujana umekwisha kabla ya ubeti kwisha. Akisema "mahaba", mwangwi hujibu: haba, haba, haba. Msemaji ametoa sifa, na mpigaji amemtolea dosari bila kutamka hata neno moja.

Je, hilo ni kosa au ni umbuji? Inategemea kama amekusudia. Na pale tunapoweza kuuliza kama mtu amekusudia, tayari tunazungumzia usanii. Fundi mitambo huulizwa kama sauti imesikika vizuri. Fanani huulizwa kwa nini amesema alivyosema. Mpigaji aliyekata "mahaba" hawezi kujitetea kwamba ni mashine, maana mashine ingerudisha lolote lililopita. Ni mkono ulioruhusu "haba" na kuizuia "ma".

Ipo pia takriri, ambayo wanaisimu mnaifahamu kuliko mimi. Kurudia neno kwa Kiswahili si kuongeza tu. "Katakata" ni kukata kwa nguvu na mara nyingi, lakini "majimaji" ni maji yaliyopungua, ni umajimaji. Uradidi huongeza na uradidi hupunguza. Mwangwi nao una tabia zote mbili, na kifundo kimoja ndicho kinachoamua: kile kinachopanga ni sehemu gani ya sauti iliyotoka irudishwe ndani. Ikirudi nusu, kila rudio ni nusu ya lililotangulia, sauti ikayeyuka. Ikirudi yote, haifi. Ikizidi, huvimba hadi ukumbi ukavuma. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu kuhusu semantiki ya uradidi angeweza kuanzia hapo.

Uthibitisho mgumu zaidi ni wa mwendo kasi. Muziki wa singeli, uliozaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam na kufikishwa kwa wasikilizaji wengi wa nje na mkusanyo wa mwaka 2017 wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hukimbia kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Baadhi ya wapigaji wake hutumia vitufe vya kompyuta yenyewe mahali pa kontrola, na sioni kwamba hilo linabadili hoja. Kwa mapigo 240, pigo zima ni milisekunde 250. Mwangwi wa pigo moja unarudi wakati msemaji yuko katika neno linalofuata, ukalifunika. Kwa hiyo mpigaji lazima ajue msemaji atapumua wapi, na kuujua ubeti ambao pengine unatungwa papo hapo. Huyo ni mwitikiaji kwa maana ileile tuliyoizoea katika ngano na nyimbo za kazi: anaisikiliza sentensi ili ajue pa kuingilia.

Kutokana na haya, mtihani wa vitendo hauwi mgumu kuuandaa. Mtahiniwa apewe msemaji asiyemjua na utungo asioukariri. Atazamwe kama anaingia mahali pa kituo, kama anaitangulia shadda, kama anajua kunyamaza, na kama maana mpya anazozizalisha anaweza kuzieleza. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mtahini ajue kompyuta.

Limebaki jambo moja, linalowahusu wakusanyaji wa fasihi simulizi. Tumelalamika kwa miaka mingi kwamba kinasa sauti hakihifadhi mkono, jicho wala mwendo wa fanani. Katika sanaa hii mkono huhifadhika, kwa sababu kila mwendo wa kifundo ni tarakimu yenye wakati wake, na programu inaweza kuziandika zote katika faili dogo kuliko picha moja. Lakini faili hilo halijiandiki lenyewe, na mara nyingi wapigaji hawaoni sababu ya kulitunza onyesho likiisha. Mkiwa uwandani, basi, ombeni vitu vitatu kwa idhini ya wahusika wote: sauti ya msemaji kabla haijaguswa, sauti iliyotoka kwenye spika, na faili la mwendo wa mkono. Ombeni kabla ya onyesho kuanza, wakati kompyuta bado ina nafasi na mpigaji bado ana subira.